Pete Tatu za Gérard

Alhamisi, 20 Agosti 1964

Waasi wanaojiita Simba wameingia Butembo juzi. Habari imefika huku mlimani na wanawake waliorudi sokoni mapema, vikapu vya viazi vikiwa bado vimejaa. Wanasema waasi wanauliza nyumba kwa nyumba: nani karani, nani mwalimu, nani muuguzi. Anayejua kalamu anaitwa adui. Mimi ni mkulima siku hizi, lakini nina daftari hili. Nimelihamishia jikoni, chini ya gunia la maharage.

Mvua imeanza kabla ya wakati wake.

Ijumaa, 21 Agosti

Mvua. Nimekwenda hadi ukingoni mwa jabali mara nne, bila sababu.

Jumapili, 23 Agosti

Baada ya ibada Directeur Phinées alinishika mkono, akanivuta nyuma ya kanisa. Ndiye mkuu wa shule yetu ya misheni, mtu mrefu, mkavu, ambaye hata leo shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Hatujawahi kuongea zaidi ya salamu. Mimi sikumaliza shule, na yeye halisahau jambo hilo.

"Abdias, ile kamba ya Bazungu ingali kwako?"

"Iko, Directeur."

"Balimu batatu ba Butembo balikamatwa jana. Hakuna mutu anajua beko wapi. Donc, siye tuko na siku kidogo."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Mlima wetu unakatika ghafla upande wa mashariki, juu ya bonde la Semliki. Chini ya ukingo, kama urefu wa mikaratusi miwili, kuna pango pana, kavu, lenye kisima kidogo cha maji yanayochuruzika. Hakuna njia ya kufika huko. Mtu anateremshwa kwa kamba, na akitaka kurudi anapanda mwenyewe jiwe kwa mikono na miguu, huku mwingine juu akiivuta kamba polepole ili akiteleza asianguke.

Kazi hiyo ya kushika kamba naijua. Nilikuwa mbebaji kule Mutwanga miaka sita, nikipanda Ruwenzori na Wazungu, kisha mmoja wao, Monsieur Gérard, akanifundisha kamba. Uhuru ulipokuja, mwezi wa saba mwaka wa sitini, alivuka kwenda Uganda akiwa na sanduku moja, lingine akaniachia. Alisema atarudi baada ya miezi mitatu. Sikumwamini, wala sidhani yeye mwenyewe alijiamini.

Nimemwambia Directeur nitatazama vyombo kwanza.

Jumatatu, 24 Agosti

Nimefungua sanduku leo. Kamba ya nailoni ni nzima. Nimeipitisha yote mkononi, hatua kwa hatua, macho yamefumbwa, na sikugusa jeraha lolote. Tatizo ni pete.

Wazungu waliziita mousqueton. Sisi wabebaji tuliziita pete: chuma kilichopindwa kikawa kama yai, chenye mlango mdogo unaosukumwa kwa kidole na kujirudisha wenyewe. Pete hufungwa kwenye mti au jiwe, kamba ikapita ndani yake, kisha ikazunguka mgongo wa mshika kamba. Uzito wote wa mtu uko pale. Sandukuni kulikuwa na pete kumi. Saba hazina vis, skrubu ya kufungia mlango. Hizo nimezitia kwenye mfuko na kuzirudisha, sitaki hata kuziona.

Nitaandika kwa nini, maana sijawahi kuandika.

Mwaka wa hamsini na nane nilikuwa nimemshikia kamba Maliro, mbebaji mwenzangu, kijana wa Mutwanga aliyekuwa akiimba hata akipanda. Pete yangu haikuwa na vis. Alipoteleza, pete iligeuka, mlango wake ukagongana na ukingo wa jiwe, kamba ikaukandamiza, mlango ukafunguka. Kamba ikatoka. Niliisikia ikiwa nyepesi mikononi mwangu, hivyo tu. Monsieur Gérard alisema si kosa langu, kwamba tungetumia pete yenye vis, lile bomba dogo linalozungushwa juu ya mlango ili usifunguke hata ukikandamizwa. Alisema "tungetumia", lakini aliyeichagua pete siku ile ni mimi. Nilichukua iliyokuwa karibu na mkono.

Zenye vis ziko tatu.

Ya kwanza ni nyeupe, nyepesi kama kijiko, pana. Kamba inapita ndani yake kama maji. Lakini meno ya vis yamelika. Ukiitikisa, vis inazunguka yenyewe na kufunguka.

Ya pili ni ndogo, ya chuma. Vis yake inabana vizuri kuliko zote. Ila ni nyembamba mno. Kamba ikilowa matope itakwama humo, mtu atabaki ananing'inia katikati ya jiwe, hashuki, hapandi.

Ya tatu ni kubwa, nzito, imeliwa na kutu. Vis yake haizunguki kabisa. Na mahali kamba ilipopita miaka mingi pamechimbika mfereji wenye makali pembeni.

Nimezipanga mezani tangu mchana. Nachukua hii, naacha, nachukua ile.

Jumanne, 25 Agosti

Nimeiloweka ile nzito katika mafuta ya mawese ya moto. Harufu imejaa nyumba. Vis haijasogea.

Jumatano, 26 Agosti

Haijasogea.

Alhamisi, 27 Agosti

Imesogea robo ya mzunguko. Nimeirudisha kwenye mafuta.

Jumamosi, 29 Agosti

Vis inazunguka. Nimesugua ule mfereji kwa mchanga laini na kitambaa siku nzima hadi makali yakaisha. Napitisha ulimi juu yake na hausemi kitu. Kisha nilijaza mawe katika gunia, uzito wa mtu na nusu, nikafunga pete kwenye mti wa mkaratusi ulio karibu na ukingo na kulishusha gunia mara kumi. Ile nyeupe ilifungua vis yake mara tatu katika kumi. Ile ndogo ilikwama mara mbili. Ile nzito haikufanya lolote.

Nimechagua nzito. Mlango uangalie upande usiogusa jiwe, na vis izungushwe kuelekea chini, ili ikilegea uzito wake wenyewe uirudishe kwenye kufunga.

Nilidhani nikishachagua nitatulia. Nimeamka mara mbili kuigusa.

Alhamisi, 3 Septemba

Leo, alfajiri yenye ukungu, nimewateremsha watano: Directeur Phinées, walimu wawili, na muuguzi mmoja pamoja na mkewe. Nimewawekea sharti. Kabla mtu hajaweka uzito, anaigusa vis kwa mkono wake mwenyewe na kusema kwa sauti "imefungwa".

Directeur alitaka kujua kwa nini aseme kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Sababu Directeur atakufa kama mutoto wa darasa la kwanza," nilimwambia.

Akaigusa, akasema. Hakuna mtu aliyewahi kumjibu hivyo. Niliitazama pete hadi alipofika chini, sikumtazama yeye.

Jumamosi, 12 Septemba

Dada yangu Masika amekuja kwa mguu kutoka Butembo, kilemba kimelowa. Miaka sita iliyopita aliolewa na Maulidi, mwenye camion, lori la mizigo, Mwislamu anayesafirisha mawese toka Manguredjipa. Sikuhudhuria. Mama alikufa akilalamika, nami nikahamishia lawama yote kwa Maulidi: kicheko chake kikubwa, kofia yake, tabia yake ya kuniita shemeji kila baada ya maneno mawili.

Masika amesema: "Kaka, Maulidi iko naendesha Basimba."

Niliendelea kuchambua maharage.

"Balikamata camion, balimwekea bunduki hapa," akagusa shingo. "Balisema, endesha ao kufa. Hapana kwa kupenda."

"Kila mutu anasema hapana kwa kupenda."

Aliacha chumvi na mchele mlangoni, akaondoka bila kuketi. Alisema Maulidi ndiye aliyetuma.

Jumapili, 13 Septemba

Chumvi imeisha pangoni tangu wiki iliyopita. Nimeteremsha ile aliyoleta Masika. Sikuwaambia imetoka wapi.

Jumatano, 23 Septemba

Nimemwona kwa macho yangu. Nilikwenda hadi barabara kuu kutafuta mafuta ya taa, camion ikapita, Simba kama ishirini nyuma wamevaa ngozi na majani, wanaimba. Maulidi kwenye usukani. Alivaa kofia yake ileile. Alinitambua na akageuza uso upesi.

Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira inayotaka mahali pa kukaa. Nimefua nguo zisizokuwa chafu.

Ijumaa, 2 Oktoba

Mvua. Radi imepiga mti mmoja wa ukingoni, si wetu.

Jumanne, 6 Oktoba

Pangoni sasa ni watu kumi. Muuguzi ana homa. Directeur amepanda juu leo kutafuta kwinini, nami nimemshikia kamba. Anapanda vibaya, kwa magoti, lakini harudi nyuma. Alipofika juu alikaa kwenye majani akihema, suruali imechanika, na mara ya kwanza niliona ana miaka mingi.

"Abdias, unaandikaka?"

Sijui aliona wapi wino kwenye kidole changu. Nilimwambia kidogo.

"Andika ukweli. Tukitoka, kila mutu atasema alikuwa shujaa."

Jumamosi, 10 Oktoba

Masika tena, na kifurushi kingine. Dawa ndani yake. Nimemuuliza imetoka wapi, amesema usiulize. Nimemuuliza Maulidi bado anaendesha, amesema ndiyo. Nikamwambia asirudi hapa, atawaleta Simba nyuma yake. Uso wake ulibadilika, nikajua nimesema zaidi ya nilichotaka kusema.

Jumapili, 11 Oktoba hadi Jumamosi, 17 Oktoba

Wiki nzima sikuandika. Nafungua vis, nafunga vis.

Ijumaa, 23 Oktoba

Naandika asubuhi, mkono umefungwa kitambaa kwa sababu kamba imeuchoma. Ni habari ya jana.

Ilikuwa kama saa tisa mchana, mvua nzito inayolala upande. Directeur Phinées alikuwa juu pamoja nami tena, amekuja kwa ajili ya dawa, tukisubiri mvua ipungue ili nimteremshe. Tulikuwa chini ya mkaratusi, kamba tayari imo ndani ya pete. Ndipo nikamwona Masika akitoka kwenye migomba, nusu amembeba, nusu anamburuta mtu. Alikuwa Maulidi. Suruali ya mguu wa kushoto ilikuwa nyeusi kwa damu kuanzia pajani, na kofia hakuwa nayo.

Masika alisema yote kwa pumzi moja. Juzi Simba walimpa Maulidi wauguzi wawili awapeleke Beni, mikono imefungwa, walinzi wawili juu ya mzigo. Penye mlima, kwenye kona, alipunguza mwendo hadi camion ikawa inatambaa, wale wauguzi wawili wakaruka na kutokomea msituni. Aliwaambia Simba ni injini. Asubuhi ya jana hiyohiyo waliacha kuamini habari ya injini. Alikimbia, wakampiga risasi.

"Banakuya nyuma," Masika akasema. "Damu iko njia yote, kaka. Mvua inaosha, lakini hapana yote."

Directeur alisimama kati yetu na ukingo.

"Huyu hapana. Chini kule kuna batu tisa. Miezi miwili huyu anabeba baleta kifo. Kama ni mutego?"

"Mutego na risasi ndani ya muguu?" nikauliza.

"Minaongea juu ya batu tisa, Abdias."

Hakuwa mtu mbaya alipokuwa akisema hayo. Nataka kuandika hivyo, kwa sababu nilimchukia dakika ile. Alikuwa anafanya hesabu ambayo mtu anayelinda wengine lazima aifanye. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeifanya wiki sita, kila nilipoikumbuka ile kofia.

Maulidi alikuwa ameketi kwenye matope. Alisema polepole, "Shemeji, yeye iko na haki. Shusha Masika. Mi nitabaki hapa."

Sijui ni nini kilichonivunja, kama ni lile neno shemeji au namna alivyolisema bila kuniomba kitu. Nilimpita Directeur, nikamfunga Maulidi kamba kiunoni na mapajani. Alipiga kelele moja nilipogusa jeraha. Tulisikia mbwa chini kwenye migomba, na sauti za watu. Nilizungusha kamba mgongoni, nikakaza miguu kwenye mzizi, nikamwambia ateleze ukingoni kwa tumbo.

Ni mtu mzito, Maulidi. Kamba ilikuwa imelowa na kuteleza, ikanichoma kiganja. Alikuwa ameshuka kama theluthi moja alipojigonga mguu ule mbaya na kuzunguka hewani, kamba ikavutwa upande, na pete ikageuka mtini. Mlango wake ukaja juu, kamba ikaulalia.

Na nikaona vis iko wazi.

Sikuwa nimeifunga. Mimi niliyewafanya walimu wazima waseme "imefungwa" kama watoto, mimi niliyesugua ile pete siku nzima na kuamka usiku kuigusa, nilisahau. Niliona mlango ukianza kuingia ndani, unene wa ukucha, kisha zaidi. Sikuweza kuachia kamba hata kidole kimoja. Nilikuwa Ruwenzori, ni mwaka wa hamsini na nane, na ninasubiri kamba iwe nyepesi.

"Vis," nikasema hatimaye. Sidhani nilisema kwa nguvu.

Directeur aliniangalia, akaangalia pete. Akapiga magoti kwenye mti, akaingiza vidole vyake kati ya kamba na mlango, palepale uzito ulipokuwa, na kuisukuma kamba kwa bega. Nilisikia kucha yake ikivunjika. Mlango ulirudi mahali pake. Kwa mkono wa pili akazungusha vis, mara moja, mara mbili, hadi ikagoma.

Kisha akasema, taratibu, kama anasoma darasani, "Imefungwa."

Nilimshusha Maulidi hadi chini. Nikamshusha Masika. Directeur alikataa kushuka. Alisema muda hautoshi. Tulivuta kamba, tukaificha, tukalala kwenye matope ndani ya majani marefu ya mabingobingo, yeye na mimi bega kwa bega hadi zile sauti zikapita na mvua ikazifuta. Damu ya vidole vyake iliingia kwenye mkono wa shati langu.

Jumapili, 25 Oktoba

Muuguzi ametoa risasi pangoni kwa kisu cha viazi. Maulidi ana homa, lakini anakula.

Jumatano, 28 Oktoba

Milio mikubwa upande wa Butembo tangu asubuhi. Haikuwa radi.

Jumapili, 1 Novemba

Askari wa serikali wamerudi mjini. Simba wamekimbilia msituni. Nimewapandisha wote leo, mmoja mmoja, na kila mmoja niligusa vis mwenyewe na kumfanya mwingine aiguse pia. Maulidi alikuwa wa mwisho. Tulimvuta watu sita.

Alhamisi, 5 Novemba

Wamemkamata Maulidi. Askari wanazunguka na orodha ya watu waliowatumikia waasi, na camion yake imeonwa na kila mtu. Yuko nyuma ya bureau ya territoire, ofisi ya wilaya, na wengine. Masika amekaa barabarani mbele ya bureau tangu jana. Watu wanaotolewa mle wanapelekwa upande wa mto, na hawarudi.

Nilikwenda kwa Directeur. Hakuwepo. Mke wake, Agar, amesema aliondoka alfajiri kwa mguu, na fimbo, na vidole vimefungwa, bila kusema aendako.

Nimemlaani kimoyomoyo njia yote ya kurudi.

Ijumaa, 6 Novemba

Hakuna habari.

Jumamosi, 7 Novemba

Hakuna. Nimekaa na Masika barabarani. Mvua, jua, mvua.

Jumatatu, 9 Novemba

Directeur ametokea saa nne asubuhi akitoka upande wa kusini, viatu vimekwisha. Pamoja naye alikuwa mwanamke mwenye kovu jipya kwenye paji la uso. Anaitwa Mariette. Ni muuguzi, mmoja wa wale wawili waliolala wamefungwa kwenye camion ya Maulidi. Directeur alisikia kwamba amejificha kwa ndugu zake kijijini Kipese, akaenda hadi kule kumtafuta, akakuta amehama, akamfuata.

Tuliingia wote. Afisa alikuwa anasema Kilingala, karani akitafsiri. Aliuliza kama Maulidi aliwaendesha Simba.

"Aliendesha," Directeur akasema. "Miezi miwili. Mi mwenyewe nilimukatalia fasi ya kujificha juu ya ile."

Masika akanishika mkono. Nilidhani Directeur ameharibu kila kitu.

"Sasa sikiliza na huyu," Directeur akaendelea, akasogea pembeni.

Mariette alisimulia ile kona, injini iliyotambaa, namna Maulidi alivyogonga mlango wa camion mara mbili kwa kiganja kuwapa ishara. Alisimulia bila kulia na bila kuongeza. Karani alikuwa anajua habari za muuguzi mwenzake Mariette aliyeruka naye. Akamwambia afisa kitu sisi hatukukisikia. Tulisubiri hadi saa nane. Kisha wakamtoa Maulidi, amekonda, mguu umevimba, na karani akafuta jina moja kwenye orodha.

Majina mengine yalibaki. Tuliyasikia yakisomwa tukiwa bado uani.

Jumanne, 10 Novemba

Jana sikuwa na nguvu ya kumaliza. Masika alitangulia na Mariette na Directeur. Maulidi hawezi kukanyaga, nikampa bega, na tulipanda mlima polepole, tukipumzika kila kona. Ukungu ulikuwa umeinuka, na theluji ya Ruwenzori ikaonekana ng'ambo ya bonde kwa muda mfupi, kisha ikafunikwa.

Aliniuliza ghafla. "Shemeji, ile siku. Nilizunguka hewani, nilisikia kamba inateleza kidogo, kisha inashika. Ilikuwa nini?"

Ningeweza kusema ni matope. Directeur hajamwambia mtu yeyote. Najua, kwa sababu nimesikiliza kila anachosema tangu siku ile.

"Vis ilikuwa wazi," nikasema. "Nilisahau kufunga. Directeur ndiye alifunga, na vidole vyake. Bila yeye ungeanguka."

Alisimama. Nami nikasimama. Nilisikia pumzi yake karibu na sikio langu.

"Ulisahau," akasema.

"Nilisahau."

Alitazama barabara iliyobaki juu yetu, mawe na matope, na kona mbili kabla ya nyumba. Kisha akahamisha mkono wake begani kwangu, akaulaza vizuri zaidi, akaniegemea kwa uzito wake wote.

"Twende," akasema.